Jinsi ya Kulishinda Tenki Linalovuja Bila Kulipiga Lipu ya Nne

Tenki linalovuja halimwogopi mtu mwenye mfuko wa saruji. Linamwogopa mtu mwenye penseli.

Naanza hapo kwa sababu huku kwetu Ngara, na kwa jirani zetu wa Biharamulo, saruji ndiyo jibu la kwanza la kila swali la maji. Tenki la shule limepungua? Lipu. Birika la ng'ombe limekauka? Lipu. Zahanati imeamka haina maji ya kunawa mikono? Fundi yuko njiani tayari, amepakia mfuko kwenye bodaboda. Akifika atalizunguka tenki mara moja, atagonga ukuta kwa kidole, kisha atatoa hukumu: "Mzee, hapa ni lipu tu." Mwenyekiti ataitikia, "Sawa fundi, wewe ndiye unayejua." Kamati itachanga, ukuta utang'aa, watu watapigana picha mbele yake. Baada ya wiki mbili maji yatakuwa yanapungua kwa kiasi kilekile, ila sasa yanapungua ndani ya tenki zuri.

Mwongozo huu ni wa kamati za shule, parokia, misikiti, zahanati na jumuiya za watumia maji za Nyakisasa na kata zote zinazofanana nayo. Unamfaa pia meneja wa hoteli ya Bukoba au Mwanza mwenye bwawa la kuogelea linalomlia fedha kila mwezi, maana bwawa lake na tenki letu ni jamaa wa karibu: zege, lipu na bomba, vilivyopewa kazi ngumu ya kuyazuia maji yasiende yanakotaka. Mafundi wa mabwawa ya kuogelea wamebobea katika kutafuta mvujo, na sehemu kubwa ya ujuzi wao inahitaji ndoo, rula na subira. Ndoo tunayo. Rula iko shuleni. Subira tutaijenga hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Hesabu hasara kabla ya kuitisha kikao

Kikao kisicho na namba huishia kwenye lawama. Mwalimu mkuu atawalaumu wanafunzi, wanafunzi watamlaumu mlinzi, mlinzi atalilaumu jua, na jua halina mjumbe wa kulitetea. Kwa hiyo mwenyekiti, kabla hujaitisha kikao, tafuta tepu ya fundi.

Pima kipenyo cha tenki kwa mita, yaani kutoka ukuta wa ndani wa upande mmoja hadi wa pili ukipita katikati. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha zidisha kwa 0.785. Umepata eneo la uso wa maji kwa mita za mraba. Zidisha eneo hilo kwa 10, na jibu ni idadi ya lita zinazopotea kila maji yanaposhuka sentimita 1. Tenki la kipenyo cha mita 3.6 lina eneo la mita za mraba 10 hivi. Kila sentimita ni lita 100, sawa na ndoo tano za lita 20.

Sasa weka namba hiyo mezani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kutoka kituo kilicho umbali usiozidi mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 250. Tenki letu likipoteza sentimita 1 kwa usiku mmoja, limekunywa mgawo wa watu wanne. Likipoteza sentimita 3, limekunywa mgawo wa watu kumi na wawili, nalo halijafua hata shati. Yafanye hayo kuwa mazoea kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, na utaelewa kwa nini akina mama wanaamka usiku kwenda bondeni ilhali tenki lilijaa pomoni mwishoni mwa masika.

Meneja wa hoteli naye afanye hesabu yake. Bwawa la mita 25 kwa 12.5 lina uso wa mita za mraba 312.5, hivyo kila sentimita ni lita 3,125, pamoja na dawa zote alizokwisha kuyatia maji hayo. Akishaona namba hiyo ataacha kuwashuku watoto wa wageni kwamba wanayarusha maji nje.

Hatua ya 2: Waachie huru wasio na hatia

Mtuhumiwa wa kwanza ni jua. Jua lina makosa yake, lakini tusilibebeshe kesi isiyo yake. Maji yaliyo wazi katika nchi yetu hupoteza milimita chache kwa siku kwa kugeuka mvuke, na siku ya upepo mkavu hupoteza zaidi. Tenki lenye mfuniko na kivuli hupoteza kidogo mno. Kwa hiyo tenki lililofunikwa likishuka sentimita 2 kati ya jioni na alfajiri, muda ambao jua halikuwapo kabisa, tafadhali msilitaje jua kwenye muhtasari wa kikao.

Kwa birika la mifugo au bwawa la kuogelea, ambayo yako wazi, kuna kipimo cha ndoo. Chukua ndoo, itie maji ya bwawa lilelile, uiweke kwenye ngazi ya bwawa ili izame kiasi. Kama hakuna ngazi, isimamishe juu ya mawe. Maji ya ndani ya ndoo yalingane na maji ya nje. Tia alama mbili, moja ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa, kisha uondoke. Usichote, usioge, usimruhusu ng'ombe wala mgeni. Rudi baada ya saa 24. Jua na upepo vimeyagusa maji ya ndoo na ya bwawa kwa namna moja, hivyo kama yote yameshuka sawa, bwawa lako ni zima. Kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, tofauti hiyo ndiyo mvujo wako, na sasa una namba yake. Mvua ikinyesha katikati ya kipimo, anza upya, usijaribu kukisia.

Kwa tenki lenye mfuniko, tumia fito kavu iliyonyooka, ipake chaki kuanzia chini hadi juu. Saa moja usiku funga koki zote, funga na bomba linaloingiza maji, kisha zamisha fito hadi iguse sakafu na uitoe. Chaki iliyolowa itabadilika rangi na kukuachia mstari ulionyooka. Upime kwa rula na uandike. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu wa kwanza hajafika na dumu lake, rudia palepale, kwenye pembe ileile ya tundu la mfuniko. Ukiizamisha fito sehemu nyingine sakafu inaweza kuwa imeinuka kidogo, ukaja kutangaza mvujo usiokuwepo.

Hatua ya 3: Uliza kama ni ukuta au bomba

Hili ndilo swali linaloweza kuokoa mifuko yote ya saruji, na ndilo linalorukwa kuliko yote. Tenki lina mwili na lina mabomba. Lipu hutibu mwili peke yake. Bomba likivuja chini ya sakafu unaweza kuupaka ukuta lipu hadi tenki libaki na nafasi ya sufuria moja, na maji yataendelea kutoka.

Funga valvu iliyo karibu kabisa na tenki, pale bomba la kutolea maji linapoanzia, kisha upime usiku kama ulivyofundishwa. Maji yakikaa palepale, mwili ni mzima na tatizo liko kwenye bomba linaloelekea kwenye koki. Yakishuka, tatizo liko kwenye mwili, au kwenye bomba la kusafishia lililo chini kabisa ya tenki, au pale mabomba yanapopenya ukuta. Bomba la kusafishia lifuatilie hadi mwisho wake, huko kichakani lilikosahauliwa. Tenki moja la shule katika maeneo yetu lilipigwa lipu mara tatu. Siku mtu alipofyeka majani nyuma ya choo, alikuta valvu ya kusafishia haifungi, na pembeni yake bustani ya magimbi iliyonawiri kiangazi chote bila mwenyewe kuijua siri yake. Ilihitajika valvu mpya, utepe mweupe wa mafundi bomba na spana mbili.

Kwa bwawa la kuogelea, pampu hukusaidia kujua. Pima saa 24 pampu ikiwa imezimwa, kisha saa 24 ikiwa inafanya kazi. Kama maji hupungua zaidi pampu ikiwa inasukuma, shuku kwanza bomba linalorudisha maji bwawani, kwa sababu ndilo linalobanwa na mgandamizo. Kama hupungua sawa katika hali zote mbili, rudi kwenye zege na vigae, taa za ndani ya maji, na kinywa cha ukutani kinachovuta majani. Kifaa chochote kilichotobolewa ukutani ni mahali ambapo plastiki au chuma hukutana na zege, na viwili hivyo havipanuki kwa kiwango kimoja joto linapobadilika.

Hatua ya 4: Yaache maji yakuonyeshe kimo

Hapa watu wengi hukosa subira. Umeshajua kuwa ukuta unavuja na moyo unakutuma ukanunue saruji. Tulia. Yaache maji yashuke, na kila alfajiri uandike kimo chake.

Maji husukuma kwa nguvu zaidi kadiri yanavyokuwa na kina. Katika kina cha mita 2, kila mita ya mraba ya sakafu imebeba uzito wa tani 2. Ndiyo maana tenki lililojaa huvuja haraka, kisha linavyopungua huvuja polepole. Na kama tundu liko ukutani, siku moja maji yatafika kwenye kimo chake na kusimama. Hapo kazi ya kuzunguka ukuta mzima imekwisha. Umebaki na mkanda mwembamba kuzunguka tenki, upana wa kiganja, na tundu liko humo. Yasiposimama hadi chini, angalia sakafu, na kabla ya sakafu angalia kona ambapo sakafu hukutana na ukuta. Kona hiyo hubeba mgandamizo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya ukuta, na mara nyingi ukuta na sakafu vilimwagwa siku tofauti, hivyo pana mshono ambao zege la zamani na jipya halikushikana vizuri.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naamini kila neno la wosia huo. Lakini wanaounukuu kwenye vikao husahau kwamba wahenga walimwambia mtu aliyekwisha kuuona ufa wenyewe.

Hatua ya 5: Inama, gusa, sikiliza

Fundi baiskeli wa pale senta ni msomi wa jambo hili. Mpira ukipoteza upepo habandiki viraka mpira mzima. Anaujaza, anauzamisha kwenye karai la maji na kuuzungusha taratibu mpaka aone mapovu. Akiyaona anaweka kidole, anatia alama, ndipo anatafuta solusheni. Jumuiya ya maji ikifanya kazi kwa nidhamu hiyo, nusu ya matenki yaliyotelekezwa yatarudi kazini.

Zunguka nje ya tenki mwezi wa Agosti, wakati ardhi imekauka. Tafuta nyasi mbichi zilizojitenga na nyingine. Tafuta vipepeo na nyuki waliotua kwenye udongo, kwani wamefuata unyevu. Tafuta michirizi myeupe ukutani: hiyo ni chokaa ambayo maji yameiyeyusha ndani ya zege na kuiacha juu yalipokauka. Mchirizi huanzia pale maji yanapotokea, kwa hiyo ufuate kwenda juu.

Ndani ya tenki, likiwa limeshuka, gonga lipu kwa mpini wa nyundo. Lipu iliyoshika hutoa mlio mkavu na mzito. Iliyobanduka husikika ina uwazi nyuma yake. Tia alama ya mkaa kuzunguka kila sehemu yenye mlio huo.

Kama bado kuna maji na umeupata mkanda wa kimo, tumia rangi ya chakula. Subiri maji yatulie kabisa, kisha sogeza bomba la sindano lisilo na sindano karibu na ufa unaoushuku, na utoe rangi kidogo sana. Kama hapavuji, rangi itaning'inia palepale na kusambaa bila haraka. Kama panavuja, itajinyoosha na kuingia kwenye ufa mbele ya macho yako. Nakuomba sana, iwe rangi ya chakula. Maji haya yatanywewa na watoto, na wino wa muhuri wa kijiji haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa bomba lililofukiwa, kazi ni ya usiku. Wakati kijiji kimelala na koki zote zimefungwa, simamisha nondo juu ya njia ya bomba, weka sikio kwenye ncha ya juu, kisha songa mbele hatua kwa hatua. Maji yanayopenya kwenye tundu dogo kwa mgandamizo hutoa mlio wa kufoka unaopanda kwenye chuma, nao hukua kadiri unavyokaribia. Waarifu majirani mapema. Mtu anayetembea saa nane usiku akiinamia nondo shambani kwa watu anahitaji kuwa ametambulishwa.

Hatua ya 6: Sasa mwite fundi na saruji yake

Umesubiri vya kutosha, na fundi pia. Mwonyeshe alama. Usimwambie "tenki linavuja." Mwambie, "Fundi, ufa ni huu, una urefu huu, na kazi yako ni huu peke yake."

Kwanza usalama. Tenki lenye mfuniko linaweza kuwa na hewa mbaya. Lifungue saa nyingi kabla, mtu asiingie akiwa peke yake, awe amefungwa kamba na mwenzake awe nje ameishika. Pampu ya petroli isishushwe ndani wala kuwashwa mdomoni mwa tenki; moshi wake huua kabla mtu hajajua kuwa anakufa. Na tenki la chini ya ardhi, au bwawa la kuogelea, lisimwagwe lote wakati wa masika. Ardhi iliyoshiba maji husukuma kutoka chini, na chombo kitupu huinuka au kupasuka sakafu. Utakuwa umeanza na ufa mmoja na kumaliza na tenki lililokaa upande.

Kisha ufa wenyewe. Kuupaka juujuu hakusaidii, kwa sababu lipu nyembamba haina cha kushika na maji yatakuja nyuma yake na kuibandua. Uchongwe kwa tindo na nyundo, upana wa sentimita 2 na kina kama hicho, na ikiwezekana uwe mpana zaidi ndani kuliko mdomoni ili kiraka kisitoke. Vumbi litolewe kwa brashi ya waya na kuoshwa. Zege liloweshwe tangu jana yake, maana zege kavu hunyonya maji ya kiraka, nayo saruji inayahitaji ili ikomae. Paka kwanza uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka shindilia mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili au tatu, pamoja na dawa ya kuzuia maji inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Maji yawe machache. Mchanganyiko unaotiririka ni rahisi kupaka, lakini ukikauka huacha vitundu na kusinyaa.

Mchanga upimwe. Tia mchanga kwenye chupa angavu hadi nusu, jaza maji, tikisa, uache hadi kesho. Tope litatuama juu ya mchanga kama tabaka la peke yake. Tabaka likiwa nene, uoshe mchanga huo au utafute mwingine.

Ufa unaofunguka na kufunga kwa sababu msingi unacheza hautakubali saruji. Utapasuka tena pembeni ya kiraka, nawe utamlaumu fundi bure. Ufa wa namna hiyo unahitaji kijazio kinachonyumbuka, na sababu yake itafutwe: mkaratusi uliopandwa karibu, mfereji wa mvua unaokula msingi, au udongo uliojazwa bila kushindiliwa.

Baada ya hapo ndipo kazi inayoharibiwa na haraka. Kiraka kibaki kimelowa siku 7 kwa uchache. Kifunike kwa magunia yaliyoloweshwa au majani ya migomba, ambayo Kagera hayajawahi kuadimika, na kinyunyiziwe asubuhi na jioni. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo, ajulikane kwa jina. "Wote tutanyunyizia" maana yake ni kwamba hakuna atakayenyunyizia. Kisha jazeni tenki polepole, mkipima kila siku.

Kabla watu hawajaanza kunywa, tenki lisafishwe na kutiwa klorini. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, gramu 70 kwa kila lita 1,000 hutoa kipimo kikali cha kuulia vijidudu. Muulizeni bwana afya aithibitishe. Maji hayo yakae usiku mzima, yamwagwe mbali na mazao na vijito, na tenki lijazwe upya.

Hatua ya 7: Kama tenki si la zege

Ngara ina historia na matenki ya mpira. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, kwa muda wa takriban saa 24, na Benaco, humu Ngara, ikawa kambi kubwa ajabu ndani ya siku chache. Maji yalitoka kwenye ziwa dogo lililokuwepo pale. Shirika la Oxfam, lililokuwa mstari wa mbele katika kazi ya maji, linajulikana kwa matenki ya dharura ya duara la mabati yaliyofungwa kwa boliti, ndani yake shuka moja zito la mpira. Uzoefu wa dharura ya Rwanda na majirani zake ulichangia kuzaliwa kwa mradi wa Sphere mwaka 1997, ambao viwango vyake vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini katika dharura. Kambini, tundu dogo kwenye shuka la mpira lilikuwa na maana ya foleni kurefuka.

Shuka la mpira huzibwa kwa kiraka. Kausha, safisha, kwangua kwa msasa, paka solusheni pande zote mbili, subiri ianze kunata, kisha bandika na ukandamize. Kata kiraka kiwe cha mviringo, kwa sababu kona ndizo huanza kubanduka.

Matenki ya plastiki yana tabia yake. Gundi za kawaida haziishiki plastiki ile, hata ukipaka nusu kopo. Ufa huyeyushwa kwa chuma cha moto na kujazwa plastiki ya aina ileile, kazi ya fundi anayeijua. Lakini kabla ya kumwita, kagua pale koki inapoingia. Mara nyingi mpira wa duara wa hapo umechoka, au tenki limewekwa juu ya mawe yasiyolingana na bomba linaning'inia bila kushikiliwa. Mpira mpya ni bei ndogo. Jukwaa lililosawazishwa ni bei ndogo kuliko tenki jipya.

Lambo la udongo nalo lina dawa ya kale. Tafuta matundu ya mchwa na mizizi iliyooza kwenye tuta, yachimbe hadi mwisho wake, uyashindilie udongo wa mfinyanzi wenye unyevu. Sakafu inayonyonya ifunikwe kwa mfinyanzi na ng'ombe wapitishwe juu yake mara nyingi. Kwato zao hushindilia vizuri, nao hawadai posho.

Hatua ya 8: Nunueni daftari

Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa mujibu wa Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka huo, na vyombo vya watumia maji vya jamii ndivyo vinavyoendesha miradi kila siku. Mhandisi wa wilaya ana vijiji vingi. Jumuiya inayompigia simu kusema "maji hayatoshi" inajiunga na foleni ndefu. Jumuiya inayosema "tenki letu la kipenyo cha mita 3.6 linapoteza sentimita 2 kila usiku, valvu ikiwa imefungwa, na maji yanasimama kwenye kimo cha sentimita 60" imeshafanya nusu ya kazi ya mhandisi, na itapewa jibu la kitaalamu.

Kwa hiyo daftari liwe na safu nne: tarehe, kimo cha jioni, kimo cha alfajiri, jina la aliyepima. Likaguliwe kila kikao kabla ya taarifa ya mapato, kwa sababu maji yanayopotea ni mapato yaliyomwagika chini. Fedha ya kipuri kidogo itengwe mapema, ili valvu isisubiri mchango wa harusi upite kwanza. Na kazi ya kupima apewe kijana anayependa namba, wa kike au wa kiume, alipwe kitu, kisha mumheshimu anapoleta habari mbaya. Habari mbaya ya sentimita 1 iliyoletwa mapema huwagharimu mpira wa koki. Ikinyamaziwa hadi mwakani, itawagharimu ukuta.

Wanaobeba maji kichwani kupanda vilima vya Nyakisasa hawakuchangia tenki ili linyweshe majani. Wanadai lita zao zote, na wana haki ya kuzidai kwa namba. Anza leo jioni: funga koki, paka fito chaki, andika mstari wa kwanza.